Maswali ya wasomaji: Kamera imeumia, nitengeneze au nitafute nyingine?

Mwezi huu maswali mengi yaliyoingia ni ya vifaa vilivyoumia, na karibu kila mtu anauliza kwa staili moja, "fundi kaniambia kiasi fulani, nilipe?" Ndugu zangu, bei ya fundi ni jambo la tatu huko. La kwanza ujue kilichoumia ni nini hasa, la pili ujue hiyo kamera ikishapona inaenda kufanya kazi gani, ya kula au ya nyumbani tu. Nimechagua machache ambayo naona yatawafaa wengi, na hilo la kwanza nimelijibu kwa urefu manake ndo limeulizwa na wengi kuliko yote.

Swali: Lenzi imedondoka, Desemba nina harusi

Kaka shikamoo. Mi napiga harusi na sendofu hapa Morogoro, natumia Canon 5D Mark III na lenzi ya 24-105 f/4L, ile toleo la kwanza. Juzi kati mtoto kapita mbio ukumbini akavuta mguu wa stendi, kamera ikaenda chini na lenzi ndo ilitangulia. Sa hivi nikipiga inaandika Err 01 na zumu inakwama katikati. Fundi wa kwanza kasema laki tatu na nusu kwa lenzi, bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, iko poa. Wa pili hata hakuishika, kasema hiyo basi tena. Lenzi kama hiyo ya mtumba nimeiona kwa laki sita. Wenzangu wananishauri niuze vyote nihamie mirolesi, zile kamera zisizo na kioo ndani, kwa sababu DSLR kama yangu zimepitwa na wakati. Harusi za Desemba nimeshachukua advansi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, najua inavyouma kifaa cha kazi kikianguka mbele ya macho yako alafu sherehe inaendelea.

Tuanze na hiyo Err 01. Maana yake kamera na lenzi haziongei vizuri, ndo maana kwenye skrini inakwambia usafishe zile pini za dhahabu. Basi zisafishe kweli, kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, pande zote mbili, za lenzi na za bodi, alafu azima lenzi nyingine kwa mwenzako, hata ile 50 ndogo, uiweke kwenye bodi yako. Ikipiga bila kulalamika ujue bodi inaongea vizuri na tatizo liko kwenye 24-105. Ikigoma na hiyo nyingine, hapo fundi wa kwanza amekudanganya au hakupima kabisa.

Sasa kuna kipimo kimoja cha hii lenzi yako ambacho nataka ukifanye kabla hujampa mtu hata shilingi. Weka kamera kwenye Av, ile modi ya kuchagua apecha (tundu la kupitisha mwanga) mwenyewe, apecha f/4, piga. Kama imekubali, peleka f/8 upige tena. Kwenye f/4 yale majani ya apecha hayasogei kwa sababu ndo upana wake wa mwisho, lakini kwenye f/8 lazima yajifunge, na kama ule waya bapa unaopeleka umeme kwenye apecha, mafundi wanauita fleksi, umekatika au umepasuka, lenzi haijibu na Err 01 inatokea hapo hapo. Hii 24-105 ya mwaka 2005 inajulikana kwa ugonjwa huo hata bila kuanguka, fleksi inajikunja kila ukizumu mpaka siku moja inachoka. Kwa hiyo inawezekana kabisa ilikuwa tayari iko hoi na kule kudondoka kumemalizia tu. Ikiwa f/4 inapiga na f/8 inagoma, hiyo ni kazi ya fleksi au apecha yenyewe, ni kazi inayofahamika na spea yake inapatikana, na haitakiwi kufika laki tatu na nusu.

Ila wewe zumu pia imekwama na hilo ndo linanipa wasiwasi zaidi. Ndani ya lenzi kuna bomba linalotembea kwenye mifereji likishikiliwa na vibushi vidogo vya plastiki, lenzi ikitangulia chini vinavunjika au bomba linapinda. Vibushi vinabadilishwa, bomba likipinda hata likinyooshwa vioo haviwezi kurudi kwenye mstari bila vifaa vya kupangia, ambavyo mafundi wetu wengi hawana, si kwamba hawajui kazi. Matokeo yake unalipa, lenzi inapiga, Err imeondoka, unafurahi, alafu unakuja kugundua kwenye picha ya familia nzima kwamba shangazi wa kushoto kabisa hana sura na wa kulia yuko safi. Mteja wa harusi hakuelewi hapo hata ungeeleza vipi.

Ndo maana nasema ukimkubalia fundi, mkubaliane kabla kwamba kazi haijaisha mpaka mpime. Bandika magazeti manne au matano ukutani, moja katikati na mengine kwenye kona, kamera kwenye stendi ikiwa imenyooka na ukuta, 24mm, f/4, piga, kuza picha usome maandishi kila kona. Kona zote zikilegea kidogo kwa kufanana ndivyo lenzi ilivyo, upande mmoja ukilegea peke yake ujue kuna kioo kimekaa upande. Rudia na lenzi ya kuazima. Kama na yenyewe inalegea upande ule ule, basi mdomo wa bodi, pale lenzi inapofungwa, ndo umepinda, na hapo mazungumzo yanabadilika kabisa. Hiki cha lenzi ya kuazima fanya leo, usisubiri, kwa sababu lenzi ikianguka imefungwa kwenye bodi, uzito wote unaenda kwenye ule mdomo.

Sasa hesabu. Watu wanapenda ile kanuni ya nusu, kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kupata nyingine usitengeneze. Ni kanuni nzuri ila wengi wanailinganisha na bei ya dukani ikiwa mpya, wakati we unatakiwa uilinganishe na mtumba wa aina ile ile wenye hali ile ile. Kwako laki tatu na nusu kwa laki sita ishazidi nusu, na bado hujui vioo vitakaaje. Mi ningekushauri hivi: ukipima ukakuta ni fleksi na vibushi tu, mwambie fundi akutenganishie bei, spea kiasi gani na mkono wake kiasi gani, na umuulize wazi hiyo spea ni mpya au katoa kwenye lenzi iliyokufa. Akishuka mpaka laki mbili na akakubali kipimo cha magazeti, tengeneza. Akisema bomba limepinda, au akikataa kukutajia anabadilisha nini, chukua hiyo ya laki sita baada ya kuipima kwa njia hiyo hiyo, na yako muuzie fundi kama spea, vioo vyake vya mbele na mota bado vina thamani.

Kuhusu kuhamia mirolesi, mdogo wangu, si Desemba hii. Ni kweli Canon na Nikon wote walianza mifumo mipya mwaka 2018, RF na Z, na hawarudi nyuma. Lakini lenzi zako za EF, yaani za mfumo wa DSLR za Canon, zinafanya kazi kwenye bodi za RF kwa adapta, otofokasi na kila kitu, kwa hiyo pesa uliyoweka kwenye lenzi unahama nayo siku ukihama, iliyoko kwenye bodi ya zamani ndo inabaki huko huko. Hapo ndo ninapotofautisha, lenzi nzuri iliyoumia naipigania, bodi iliyoumia naiangalia mara mbili. Kuuza vyote kwa haraka ukiwa na lenzi mbovu mkononi utauza kwa bei ya kutupa, utanunua kwa bei ya mwenye shida, na utaingia ukumbini na kamera ambayo vidole vyako havijaizoea.

Ukishapata utulivu, angalia pia shata ya hiyo 5D, lile pazia linalofunguka na kufunga kila ukipiga. Canon walisema inahimili kama picha 150,000. We ukipiga picha 1,500 kwa harusi moja, harusi 100 umefika, na kamera iliyotoka 2012 na kubadilisha mikono inawezekana ilishafika kabla yako. Canon haiandiki namba ya picha ilizokwisha piga kwenye faili la picha kama Nikon na Sony, unahitaji waya wa USB na programu ya kusomea. Kupita 150,000 hakumaanishi inakufa kesho, nyingine zinakwenda mbali sana, ila usije ukatia laki kadhaa kwenye mdomo wa bodi ambayo shata yake iko mwishoni. Na kwa harusi ambazo umeshakula advansi, kodi lenzi, weka hiyo gharama kwenye hesabu yako toka mwanzo, kwa sababu kila wikendi fundi anayokaa na kifaa chako unailipia.

Siku ya kuipeleka, toa memori kadi na betri, andika seriali namba ya bodi na ya lenzi kwenye karatasi, wote wawili msaini. Fundi mwaminifu haoni vibaya.

Swali: Imezama baharini, nimeiweka kwenye mchele

Habari za kazi. Mimi nipo Nungwi, napiga wageni picha. Tulikuwa kwenye ngalawa wimbi likatupiga, Nikon D750 yangu na 24-120 zikaingia majini, ni muda mfupi tu nikazitoa. Nikaweka kwenye mchele siku tatu. Imewaka! Ila skrini inacheza na vitufe vingine havijibu. Fundi wa simu anasema ataisafisha kwa elfu themanini. Wateja wangu wanaanza kuja wiki ijayo.

Jibu: Pole sana ndugu yangu, na nitakuambia ukweli ambao hutaupenda, hiyo bodi usiitegemee tena.

Maji ya bahari si sawa na maji ya mvua. Chumvi inapitisha umeme vizuri sana, kwa hiyo betri ikiwa ndani umeme unapita pasipotakiwa na zile njia nyembamba za shaba kwenye ubao zinaliwa, na kazi hiyo inaendelea hata kamera ikiwa imekauka kwa nje, kwa sababu chumvi inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Nungwi unaijua mwenyewe. Mchele hauna uwezo wa kuvuta chumvi, maji yanaondoka chumvi inabaki, na vumbi la mchele linaingia kwenye vitufe. Kuwaka kwake baada ya siku tatu ndo kunawapoteza watu wengi, wanafikiri imepona wakati kila wanapoiwasha wanaongeza kuunguza.

Leo toa betri na usiirudishe. Na hiyo betri usiichaji tena, lithiamu iliyoingia maji ya chumvi inaweza kushika moto. Kadi isuuze kwa maji baridi safi, ikaushe kivulini, uhamishe picha zako zote, kadi nyingi zinapona.

Huyo fundi wa simu anaweza kweli kusafisha ubao kwa spiriti, na elfu themanini si bei mbaya kwa kazi hiyo. Lakini kamera siyo ubao peke yake, kuna shata, kuna mota ya kile kioo cha ndani kinachoinuka ukipiga, kuna waya bapa kila kona, na chembe ya chumvi ikikaa kwenye majani ya shata itaikwamisha siku yoyote. Ukitaka jaribu, iwe ya kupigia watoto nyumbani. Usimchukulie mteja pesa yake ukiwa na kamera hiyo, mtu katoka Ulaya au Dodoma na mchumba wake, machweo ni mara moja, huwezi kumwambia arudi kesho. Na hiyo 24-120 ina kile kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani, nayo ihesabu imekwenda, isipokuwa fundi wa kamera aliyeifungua akikuonyesha kwa macho kwamba maji hayakupita kwenye maunti, yaani ule mdomo lenzi inapofungwa.

Hiyo elfu themanini ningeianzishia mfuko wa bodi nyingine, D750 mtumba zipo bado na chaja yako unaendelea nayo. Ukija kuuza hii kama spea, sema imezama baharini.

Wanaosoma hapa na wao wamenyeshewa tu na mvua, nyie mna matumaini zaidi. Betri nje papo hapo, fungua milango yote, toa lenzi, weka mbele ya feni si juani, na usiwashe kuangalia kama "bado inafanya kazi". Ipelekeni kwa fundi ikiwa bado mbichi. Soda ni mbaya kuliko mvua, sukari inagandisha vitufe na shata, hiyo lazima ifunguliwe.

Swali: Kuvu ndani ya lenzi

Ndugu, mimi niko Mombasa. Nimemulika lenzi zangu na tochi nimeona nyuzi nyeupe ndani, kwenye 50mm f/1.8 ya zamani na kwenye 70-200 f/2.8. Picha bado naona ziko sawa. Nisafishe au niuze haraka kabla hazijaharibika?

Jibu: Hiyo ni kuvu, na pwani ndo kwao, joto na unyevu. Hiyo 50, kama ni ile ya plastiki ya Canon iliyotoka 1990, usihangaike nayo, mkono wa fundi peke yake unakaribia bei ya kupata nyingine, na mota yake huwa haina maisha marefu hata kuvu isipokuwepo. Iweke mbali na nyingine.

Pesa peleka kwenye 70-200, na peleka sasa. Kuvu inatoa tindikali inayokula ile rangi ya kinga juu ya kioo. Ikiwahiwa inafutwa na kioo kinabaki safi, ikichelewa nyuzi zinaondoka lakini michoro yake inabaki milele. Picha kuonekana sawa kusikudanganye, kuvu haionekani kama doa, inakuja kama ukungu mwepesi ukipiga kuelekea taa au jua, rangi zinapauka na we unalaumu mpangilio wa kamera. Piga picha moja ukielekea dirishani na lenzi hiyo alafu nyingine na lenzi safi, utaona.

Muulize fundi kuvu iko kioo cha ngapi kabla hajafungua. Ikiwa cha mbele au cha nyuma kabisa ni kazi ya kawaida. Hiyo lenzi ina vioo vingi, ikiwa katikati kule lazima avishushe vingi na kuvirudisha kwenye mstari, kwa hiyo tafuta mtu aliyewahi kufungua hiyo lenzi hasa. Kuuza unaweza, ila mnunuzi naye ana tochi.

Alafu kinachoniuma mi ni kwamba watu wanasafisha wakarudisha lenzi kwenye begi lile lile la ngozi, ndani ya kabati la nguo. Nunua kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, weka silika jeli, zile punje za kuvuta unyevu, na kile kisaa cha kupimia unyevu, unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Silika jeli ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni uirudishe.

Swali: Filta imepasuka

Kaka, filta ya UV imepasuka mbele ya lenzi na haitoki, imeng'ang'ania. Ndo lenzi imekwisha? Msomaji, Dodoma.

Jibu: Haijaisha, tulia. Geuza lenzi iangalie chini ndo uanze kupuliza kwa ile pampu ya mkono, ili vipande vianguke, na usifute kwa kitambaa kabisa wakati bado kuna chenga, hizo ndo zitakazoikwaruza. Pete iliyopinda ina kibano chake maalumu cha plastiki, fundi wengi wanacho, usiishike na koleo. Na ukikuta mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele usikimbilie kubadilisha, kwenye picha hutauona, labda ukipiga kuelekea taa. Kioo cha nyuma, kile cha upande wa kamera, ndo hakitaki mchezo.

Swali: Mwanafunzi na kamera ya kwanza

Shikamoo. Nasoma uandishi wa habari Arusha, nina Canon 1100D niliyoachiwa na dada. Sasa inaandika Err 20 kila nikibonyeza. Fundi anasema shata, laki mbili na nusu. Nina laki nne ya akiba. Nampenda sana hii kamera.

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwanza toa betri, toa lenzi, subiri kidogo, rudisha, jaribu bila lenzi kabisa. Err 20 ni tatizo la ufundi ndani, mara nyingine shata au kioo kimekwama tu. Ikirudia tena, usitengeneze. 1100D ni ya 2011, ukilipa laki mbili na nusu umeweka shata nzima kwenye bodi ambayo hata ukiiuza kesho hairudishi hiyo pesa.

Tafuta 1300D ya mtumba. Imetoka 2016, inatumia betri ile ile ya LP-E10, kwa hiyo betri na chaja vya dada yako vinaendelea, na lenzi yako inaingia bila adapta. Ina Wi-Fi, na kwa mtu wa habari hilo si dogo, unatuma picha kwenye simu ukiwa bado kwenye tukio. Jaribu ubaki na kitu kwenye hiyo laki nne, usiimalize yote kwenye bodi.

Ukienda kuitazama nenda na lenzi yako na kadi yako. Piga ukuta mweupe au anga kwa f/16, ukuze picha, madoa meusi yasiyohama ni uchafu kwenye sensa, ile sehemu inayopokea picha, unasafishika, ila mkwaruzo mrefu ondoka. Piga na kifuniko kimefungwa uone kama kuna nukta zinazowaka. Angalia skrubu za maunti na za chini, zikiwa zimeliwa vichwa ujue imeshafunguliwa, uliza kwa nini. Bonyeza kila kitufe, fungua kila mlango, jaribu flashi. Omba risiti au boksi lenye seriali namba inayofanana na ya chini ya kamera, na kama muuzaji anakuharakisha eti anasafiri, mwache asafiri nayo. Ile 1100D mpe fundi kwa bei ya spea, toa kwanza betri, mkanda na kifuniko cha maunti, hivyo utavihitaji.